Projekta ya Wageni

Haya ni kweli tupu, radi inipige hapa nilipokaa. Atakayekuta uongo ndani yake, hata wa punje ya ulezi, namlipa kibuyu kizima cha rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Mwalimu Desderius alikuwa anafundisha moyo. Darasa la kile chuo cha ualimu, upande wa Nemba, lilikuwa limejaa mpaka madirishani, na mvua inatwanga bati.

"Damu chafu," alipiga kelele, "inaingilia kulia!"

Sauti ikakatika kama uzi. Akajaribu tena, ukatoka upepo na vumbi la chaki.

"Mwalimu, ongeza sauti!" mmoja akadakia kutoka nyuma. Wakacheka.

Zahanati walikwisha kumwambia: nyamaza, la sivyo hilo koo litanyamaza lenyewe. Lakini mkufunzi akinyamaza, atakula nini?

Aliyemwonea huruma ni Theodosia, binti wa TEHAMA, aliyeletwa kuwasaidia wakufunzi wenzake kufundisha kwa mashine.

"Shikamoo Mwalimu. Hebu nipe simu yako."

Wakanunua moyo wa mbuzi buchani. Desderius akaupasua kwa wembe, kidole kinafuata njia ya damu, Theodosia anarekodi. Mnong'ono wake uliingia vizuri kabisa. Simu haidai kelele. Alipojiona anafundisha bila koo kumuuma, mzee mzima akacheka peke yake. Kilichobaki ni projekta na spika.

Vilikuwepo. Mradi wa wafadhili ulivileta, vikafungiwa stoo na nailoni yake. Desderius akaenda kwa mkuu wa chuo, Renatus.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Renatus bila kumwonyesha kiti.

"Marahaba, Mkuu. Naomba projekta. Wanafunzi hawanisikii."

"Ile ni ya wageni."

"Nitairudisha leo leo."

"Ikiharibika, wageni nitawaonyesha nini? Koo lako?"

Ikabaki stoo. Ilikaa humo mpaka kuku wa Mkuu akataga ndani ya boksi lake, akaangua vifaranga, vikatoka vinajua kuwasha na kuzima.

Siku ya wageni wa mradi projekta ikatolewa. Ukutani ikaonyesha picha ya Renatus anapokea projekta. Makofi. Theodosia akasimama: Mwalimu Desderius ana somo la moyo, fupi tu, waliangalie.

"Muda, binti yangu," Renatus akatabasamu. "Pilau linapoa."

Wakaenda kula. Kabla gari lao halijaondoka, ilikwisha kutangazwa kwamba wakufunzi wote wamewezeshwa.

Kwa hiyo wanafunzi wa Desderius walipofeli, hakuwa na pa kujitetea.

"Umewezeshwa, mzee, na bado umeng'ang'ania chaki," Renatus alimwambia mbele ya wenzake. "Unakataa maendeleo."

Desderius akafungua mdomo. Haikutoka hata herufi. Theodosia akamsemea, na kwa kumsemea akapangiwa shule ya kijijini huko Kaniha, isiyo na umeme. Desderius wakamsitiri, ndivyo walivyosema: wakampa stuli na rungu, akae mlangoni pa stoo, alinde vifaa. Na mpaka leo analinda, na mle ndani yule kuku bado anaatamia...

"Kuku gani?"

Huyo ni Zita, anayefagia ofisi na stoo ya chuo. Rubisi yenyewe tunainywea uani kwake.

"Kuku wa Mkuu," nikasema.

"Babu, acha uongo wako. Ataatamia nini na maboksi ni matupu? Mimi ndiye ninayeyafuta vumbi. Projekta nimeiona juzi Lusahunga, kwenye banda la mpira, madereva wa malori wanaangalia mechi. Nailoni wameshaibandua."

Uani palilipuka kwa kicheko. "Lipa, babu! Lipa!"

Nikalipa, ningefanyaje. Kibuyu kikaanzia kwa Desderius, aliyekuwa kaegemea ukuta na rungu lake magotini. Yeye peke yake hakuwa amecheka. Alimtazama Zita, akafungua mdomo, ukatoka upepo. Akanywa. Akafuta midomo kwa kiganja, akachukua rungu lake, akarudi kulinda.