Kinachomezwa na Soketi

Mama Lehemu aliijua tuba ile, tarumbeta nene ya sauti ya chini, kabla haijafunuliwa. Ilikuja imeviringishwa kwenye shuka la maua, imebebwa na mwanamke wa miaka kama arobaini aliyekuwa akihema, na kilichojitokeza ni ukingo tu wa mdomo mpana wa tuba, wenye bonyeo la ukubwa wa kiganja. Bonyeo hilo alilijua. Akaweka tupa mezani, akajifuta mikono kwenye aproni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jina la Mama Lehemu alipewa na wateja, ingawa hakuwa na mtoto hata wa kusingiziwa. Karakana aliirithi kwa baba yake, pamoja na jiriwa, nyundo za mbao na kiburi chote cha mzee. Chombo chochote cha shaba kilichopita mikononi mwake kilitoka kinalia sawasawa. Isipokuwa kimoja, nacho kilikuwa kimerudi.

"Ni ya baba," yule mwanamke alisema. "Yuko kitandani tangu mwezi uliopita, hainuki. Anataka uisafishe mpaka ing'ae, halafu uigeuze taa. Utoboe hapa chini upitishe waya, balbu ikae mdomoni. Anasema kama imeshindwa kuimba, basi imulike."

"Kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mimi ningeiuza chuma chakavu, dada, usinione mbaya. Hii kitu imetutesa sana nyumbani. Si unajua baba alivyokuwa akiitwa?"

Alijua. Mji mzima ulijua. Sikio la Kufa, walimwita, mpaka wauza mboga.

"Nimesikia," akajibu. "Na nani kakuambia uilete kwangu?"

"Yeye. Kasema, peleka palepale."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Miaka thelathini na moja nyuma, bendi ya mji ilipata tarumbeta mpya, nazo zililia chini kidogo kuliko vyombo vya zamani. Tuba ilikuwa moja tu, kongwe, haina mbadala, kwa hiyo ikabidi ishushwe sauti. Kushusha sauti ya bomba ni kulirefusha. Baba yake Mama Lehemu akapiga hesabu, akaandika kwenye karatasi urefu wa vipande viwili vya kuongeza, kimoja kila mguu wa lile bomba la kuvuta lililopinda kama kiatu cha farasi, ambalo mpigaji hulivuta na kulirudisha akitafuta sauti iliyo sawa. Kisha homa ikamlaza, akamwachia binti yake wa miaka kumi na tisa akate.

Sasa, kipande cha bomba hakiungwi hewani. Kila ncha huingia kwenye soketi, kijibomba kipana kidogo cha kuungia, na soketi humeza upana wa kidole. Mkataji asipoongeza kinachomezwa, kipande huwa kizuri machoni na kifupi masikioni. Ni somo la kwanza kabisa la kazi ile, hata mjinga hulijua. Binti alikata, akalehemu, akang'arisha, na alipokuwa anakunja kitambaa ndipo akakumbuka. Lehemu ilikuwa imeshapoa na shaba ya akiba imekwisha.

"Umejumlisha kinachomezwa?" baba yake aliuliza kutoka chumba cha ndani.

"Nimejumlisha, baba."

Uongo ule aliusema mara moja tu. Baada ya hapo baba yake aliubeba mwenyewe. Mpigaji, baba wa mwanamke yule, alirudi wiki ya kwanza, akarudi ya pili, akarudi mwezi uliofuata. "Fundi, inapanda. Nimevuta bomba mpaka mwisho, bado inapanda." Na mzee, ambaye hakuwahi kumsifu binti yake usoni, akamjibu mbele ya wateja: "Binti yangu hakosei. Katazame midomo yako." Binti alikuwa palepale, anapiga msasa kitu ambacho kilikuwa laini tayari.

Ikaja siku ya kufungua jengo jipya la mji. Wageni wamekaa, bendi imepanga mistari, na katikati ya wimbo bomba la kuvuta likachomoka kwenye tuba, likabiringika mpaka chini ya viti vya wakubwa. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mpigaji akapiga magoti kulitafuta katikati ya viatu. Binti wa fundi naye alicheka, maana asiyecheka angeulizwa kwa nini. Kesho yake mtu yule hakuwa tena mwanabendi.

Hayo ndiyo Mama Lehemu aliyoyabeba, na leo alikuwa ameletewa njia ya kuyatua. Tundu moja tu. Tuba ikitobolewa na kuwekewa waya, hakuna atakayeipuliza tena, wala kuipima, na siri itazikwa na kuwekewa balbu juu.

Akaisimamisha kwenye kigoda, akaanza na kazi nyingine ili mikono ipate moto. Alipogonga tarumbeta ya shule iliyokuwa kwenye jiriwa, tuba ikaitikia. Mngurumo mdogo, wa chini, uliopanda miguuni. Mama Lehemu hakuwa mtu wa mashetani. Alijua bomba kubwa huitikia kelele, hata mlango ukibamizwa. Akalijaza matambara mdomoni, akagonga tena. Likaitikia vilevile, na safari hii alisikia maneno ndani yake, tena kwa sauti ya marehemu baba yake, ile ya homa: umejumlisha kinachomezwa?

"Kelele," akaiambia, kisha akaona aibu.

Siku tatu ilikuwa hivyo. Mchana kweupe, jua linapiga kwenye vigae, watu wanapita nje wakicheka, na yeye anaogopa kushika nyundo ndani ya karakana yake mwenyewe. Siku ya nne akaona afadhali amalize. Akaweka alama ya penseli chini ya tuba, akawasha keekee. Ncha haijagusa shaba, tuba ikaanza kunguruma. Akazima. Keekee ikanyamaza, tuba ikaendelea kidogo, kisha nayo ikanyamaza. Akairudisha keekee sandukuni. Nitaisafisha kwanza, akajidanganya.

Bomba la kuvuta lilikuwa limegoma. Alilipasha moto kidogo, akalizungusha, akalivuta polepole, likatoka na harufu ya nta. Akalisogeza dirishani. Miguu yote miwili ilikuwa imezungushiwa uzi, uzi wa kushonea nguo, mweusi, kisha wa buluu, kisha mweusi tena, tabaka juu ya tabaka, umepakwa nta ya mshumaa. Mpigaji alikuwa amelivuta bomba kupita mwisho wake, pale ambapo shaba haishiki tena, akaliegemeza kwenye uzi. Ndiyo maana siku ile lilichomoka.

Alipima toka pale shaba inapoachia mpaka alikoishia. Vidole viwili mguu huu, vidole viwili mguu ule. Kimoja kwa kila soketi. Akachukua rula ya chuma, akapima tena, na hapakuwa na tofauti ya hata unene wa ukucha. Yule mtu hakuwa na rula wala hesabu ya fundi. Alikaa kwake akipuliza na kusogeza, akipuliza na kusogeza, mpaka sikio lake likapata kosa lote lilipo.

Mama Lehemu akakaa sakafuni akalia kwa sauti, mlango ukiwa wazi.

Hakutoboa. Alifungua maungio yake ya zamani, akakata vipande vipya, akaongeza kinachomezwa, akapima mara nne. Bonyeo akaliacha, kwa kuwa lilikuwa la mwenyewe. Jumamosi akaibeba hadi nyumbani kwa wenyewe.

Mzee alikuwa amebaki mifupa na macho. Kitanda kilikuwa karibu na dirisha, dawa zimepangwa kwenye sahani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Taa yangu iko wapi?"

Mama Lehemu alikaa kwenye kiti, akaipakata tuba, akapuliza sauti moja ndefu. Vioo vya dirisha vikalia. Mzee akafumba macho, akainua kidole. "Bado." Mama Lehemu akavuta bomba unywele mmoja, akapuliza tena. Kidole kikashuka.

"Hapo," mzee akasema.

Basi akaeleza yote, tangu karatasi ya hesabu mpaka uzi. Mzee alisikiliza bila kugeuka.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza nilipoirudisha, baba yako alipokuwa anakutetea, nilikutazama."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mwanangu. Mwaka mzima nilisema. Nani alinisikia?" Akavuta blanketi mpaka kifuani. "Na mimi si wa kuambiwa hayo. Nilikuwa nayo siku zote. Wa kuambiwa ni kiongozi wa bendi, amekufa. Baba yako, amekufa. Mke wangu, alikuwa ananipa uzi na kunihurumia, naye amekufa hivyohivyo." Akasogeza kidevu kuelekea mlangoni. "Kabaki huyo."

Binti yake alikuwa amesimama pale na kikombe cha uji, hajui aingie au arudi. Mama Lehemu akainuka. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu huyu hakuwa amejua. Akasema wazi: baba yako alikuwa na sikio zima, mimi ndiye niliyekata fupi, nikadanganya, nikanyamaza.

Yule mwanamke aliweka kikombe kwenye ukingo wa dirisha.

"Nikiwa darasa la nne," akasema, "nilimwomba asije tena kunichukua shuleni. Nilimwambia nitakuja na wenzangu. Sikuwa na wenzangu wowote." Alisema akimtazama baba yake, si fundi. "Akawa anasimama kule mbali, nyuma ya ukuta, mpaka nipite."

"Nilikuwa nakusikia viatu," mzee akasema.

Binti akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mguu kupitia blanketi. Hawakumwambia Mama Lehemu akae wala aondoke. Mwishowe binti akasema, bila kugeuka, "Iache hapo. Taa tutanunua dukani."

Akarudi karakana kwa miguu. Kigoda kilikuwa kitupu, tarumbeta ya shule ingali kwenye jiriwa. Akachukua nyundo, akagonga mara moja, akasubiri. Hakuna kilichoitikia. Tuba ilikuwa mbali, kwa wenyewe, lakini swali lilikuwa limebaki, maana halikuwa la tuba. Akageukia mlango wa chumba cha ndani, ambacho sasa kilikuwa stoo ya mabomba, akajibu kwa sauti ya mtoto anayeogopa kiboko.

"Hapana, baba. Sikujumlisha."

Akasimama pale na nyundo mkononi akisubiri agombezwe.