Mshono wa Mlango wa Kasa

Bandarini walimwita Sindano, hata mumewe alimwita hivyo. Alikuwa fundi wa nyavu, na karakana yake ilikuwa nyuma ya ghala la barafu: chumba kirefu kilichonuka nailoni na chumvi, nyavu zikining'inia toka darini hadi mgeni alilazimika kuinama ili apite. Mumewe alikuwa nahodha wa meli ya kuvulia kamba. Mume anachana, mke anashona. Ndivyo walivyokuwa wakitaniana tangu waoane.

Asubuhi moja nahodha aliingia karakanani, akasimama mbele ya wavu wake. Katikati ya wavu ule palikuwa na fremu ya nondo, na juu yake tundu lililofunikwa kwa kipande chepesi cha wavu. Kamba hupenya kati ya nondo na kuishia mkiani mwa wavu. Mnyama mkubwa, kasa kwa mfano, hugonga nondo, akasukuma kile kipande, akatoka zake. Sheria ilitaka hivyo.

"Huu mlango ushone," nahodha alisema.

"Na kasa?"

"Bahari yote hiyo, mke wangu! Kasa hawana kazi nyingine ila kungojea wavu wangu? Kamba wanatorokea hapo. Wenzangu wanajaza, mimi narudi na mapovu."

Sindano alicheka, lakini alikataa. Safari iliyofuata alikataa tena. Kisha mwenye meli akamwambia nahodha waziwazi kwamba manahodha wako wengi. Siku hiyo mume alirudi nyumbani, akakaa mezani bila kuvua viatu, chakula kikapoa mbele yake. Kesho yake Sindano alitafuta uzi wa rangi ileile ya wavu, ili mkaguzi wa uvuvi asigundue, akaufunga mlango. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kuchemsha chai.

Baada ya hapo meli ilianza kurudi imeshiba. Nahodha akawa anaimba bafuni. Sindano hakuuliza kitu, na mumewe hakueleza.

Msimu ulipokaribia kwisha, baharia aliyekuwa akiziba nyavu melini aliumia mkono, na nahodha akamwomba mkewe ajaze nafasi kwa safari moja. Sindano hakuipenda bahari, tumbo lake lilimsaliti kila mara. Mwendesha winchi, mashine ya kuvutia wavu, alikuwa shemeji yake, mdogo wa nahodha, aliyeitwa Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo.

"Shemeji," Kasuku alimwambia walipotoka bandarini, "ukitaka kutapika, angalia kwanza upepo unaelekea wapi. Usije ukatuogesha wote."

Wavu wa kwanza ulipopandishwa, ukamwagwa sitahani. Sindano alitegemea kuona kamba. Aliona rundo la samaki wachanga, taa wadogo wenye mikia kama viboko, pweza, kaa waliovunjika miguu. Kamba walikuwa huku na huku katikati yao, kama chenji. Mabaharia walichagua kamba, Kasuku akachukua koleo na kuwasukuma wale wengine baharini.

"Hao vipi?" Sindano aliuliza.

"Hao wanarudi kwao."

"Wanarudi hai?"

Kasuku alijaza koleo tena. "Wanarudi, shemeji," alisema, akaendelea kusukuma.

Katika wavu uliofuata alikuwemo kasa. Mkubwa, jike, gamba lake limeota konokono wa bahari. Alikuwa amebanwa palepale chini ya mlango, na nyuzi zilizomzunguka zilikuwa zimesuguliwa na makasia yake, ile miguu ya kuogelea. Sindano alipiga magoti autazame mshono. Ulikuwa umeshika vizuri. Hakuna uzi hata mmoja uliokatika.

"Huyo amekwisha," baharia mmoja alisema.

"Bado hatujui. Mnyanyueni nyuma, maji yamtoke," Sindano alisema.

Mkaguzi alikuwa amewafundisha mafundi wote: kasa aliyezama huweza kuzinduka, mradi anyanyuliwe nyuma, afunikwe kitu chenye unyevu, na watu wawe na subira, hata hadi siku ya pili. Walimwegesha juu ya matairi ya kukinga ubavu wa meli. Sindano alivuta shuka kitandani kwa nahodha, akalilowesha, akamfunika, akakaa kando yake. Kichefuchefu alikisahau kabisa.

Nahodha alishuka kutoka kwenye usukani.

"Huyu ni wa kwanza?" mkewe alimuuliza bila kumtazama.

Nahodha alikuna shavu. "Sindano..."

"Nimekuuliza."

"Si wa kwanza."

Jua lilikuwa limeanza kulala upande mmoja kasa alipofumbua jicho. Akainua kichwa, akavuta pumzi moja ndefu, ya kukwaruza, kama mzee anayeamka. Kasuku alipiga kelele. Nahodha naye akacheka, akamshika mkewe bega.

Kisha baharia aliyekuwa mbele akaita: boti linakuja. Lilikuwa dogo, jeupe, likielekea upande wao moja kwa moja.

"Wakaguzi," nahodha alisema. "Anapumua. Tumrudishe."

"Tuliambiwa tungoje."

"Wakitukuta naye na mlango umeshonwa, nimekwisha mimi, na wewe fundi umekwisha. Anapumua, mke wangu! Unataka nini zaidi?"

Sindano alimtazama mumewe, akalitazama boti. Kisha akashika ukingo wa gamba pamoja nao.

Walimtelemsha kwa mkanda. Kasa alipiga kasia moja, la upande wa kulia. Halikufuata lingine. Akageuka taratibu, tumbo lake la njano likaonekana, akateremka chini.

"Amekwenda," Kasuku alisema kwa sauti ndogo.

"Amezama," Sindano alijibu.

Boti jeupe likapita karibu. Walikuwa watu wa matembezi, wakawapungia mikono.

Sindano alichukua kisu, akaanza kuufumua mlango. Mumewe alikuja akaunyoosha wavu ili kisu kipate njia, bila kuambiwa. Safari zilizofuata aliupeleka wavu baharini hivyohivyo, mlango haujashonwa, kamba wakapungua, na haikupita muda mwenye meli akampa mtu mwingine usukani. Nahodha mpya alipeleka wavu karakanani ili mlango ushonwe. Sindano alikataa; nahodha huyo akampelekea fundi mwingine, akashonewa. Mumewe siku hizi anasimamia mashine za barafu.

Jumapili moja walikuwa jikoni wakimenya viazi. Mume aliacha kisu.

"Siku ile tungengoja," alisema.

"Ndiyo."

"Hata kama wangekuwa wakaguzi."

"Hata kama," Sindano alisema. "Na mimi nilimshika kasa vilevile. Hukunilazimisha."

Mume alishika tena kisu. Akachukua kiazi kingine.