Rangi ya Carmel Inarudi

Mabaka meupe yalianza kwenye mapaja ya Carmel alipokuwa na miaka saba. Pale kijijini kwao, Ntoto, muuguzi alimpa dawa ya kupaka, hayakuondoka. Akampima ukoma, hakuwa nao. Lakini shuleni neno ukoma lilikuwa limeshaenea, na watoto wakawa wanamkwepa.

Baba yake, Grégoire, aliacha muhogo shambani, akampakia kwenye pikipiki, wakaenda mpaka Goma kwa dada yake, Bibiche.

Hospitalini Dokta Astrid alikata kipande kidogo cha ngozi, akakituma mbali kupimwa. Majibu yalipofika, alivuta kiti karibu na Grégoire.

"Papa, iko kansa ya ngozi. Kwa batoto tunaionaka mara chache sana. Lakini inatembea polepole, na haijaingia ndani. Tutamutunza na mwangaza."

"Mwangaza? Kama ya jua?"

"Sehemu moja ya ile ya jua. Tunaipima vizuri, isimuchome."

Mashine ilikuwa kama kabati refu, taa ndefu pande zote. Carmel alivalishwa miwani myeusi, akang'ang'ania mlango.

"Papa, utaenda?"

"Nitaenda wapi? Niko hapa inje."

"Ongea basi, nikusikie."

Grégoire hakuwa mtu wa maneno. Akaanza na alichokijua. "Maharagi... unachimba kashimo. Unatia mbegu. Unafunika."

Taa zikawaka. "Na kisha?" sauti ikauliza toka ndani.

Ikawa hivyo kila walipokuja. Mazao ya kuelezea yalipomwishia, akasimulia alivyomtongoza mama yake Carmel, na wauguzi wakawa wanasogea kusikiliza.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Bibiche alikuwa anamwogesha Carmel uani.

"Kaka, kuja uone! Hii buchafu haitoke."

Grégoire akainama. Ndani ya baka kulikuwa na vidoti vya kahawia, vimetawanyika.

"Acha kusugua," alisema. "Ni rangi yake njo inarudia."

Yeye ambaye hakulia aliposikia neno kansa, alichuchumaa kando ya beseni akalia. Carmel akamfuta machozi kwa mikono yenye povu. "Papa, sabuni itakuingia mu macho!"

Matibabu yalipokwisha, ngozi ilipimwa tena, ugonjwa haukuonekana. "Lakini ugonjwa unaweza kurudia," Dokta Astrid aliwaambia. "Mumulete kila mara tumuangalie."

Njiani kurudi nyumbani, Carmel aliuliza atawaambia nini watu.

"Sema ulikuwa mugonjwa," Grégoire alijibu, "na batu walikutunza."