Vitamini za Evanthia

…hapa chini tu, baba, anasema muuguzi, na kalamu nimeishika, fomu iko juu ya goti langu, na kidole gumba cha mke wangu kimefunika neno moja kwenye mstari wa pili kama mtu anayeziba doa la mchuzi, ni vitamini, anasema Evanthia, vitamini za mshipani, mara nne, kila baada ya wiki tatu, kwa ajili ya kile kiuvimbe tulichotolewa pafuni, tulichotolewa, eti tulipasuliwa wote wawili… saratani, Evanthia, sema tu, neno lenyewe haling'ati, nalijua tangu Machi, tangu rafiki yangu Aristos aanze kuniachia nishinde tavli, mchezo wetu wa dadu na kete, Aristos aliyenifunga saba kwa mbili hata wiki aliyomzika mama yake, sasa anatupa dadu nzuri kisha anazicheza vibaya makusudi, una bahati leo, Thrasos, ananiambia, machozi yanamlenga, na mkahawani wanaume wazima nikiingia wanaficha sigara chini ya meza kama wanafunzi… halafu Jumapili kanisani nikamwona Evanthia anatundika kibati cha nadhiri kwenye picha ya Bikira, anayeumwa mguu hutundika mguu wa bati, anayeumwa jicho hutundika jicho, mapafu yalikuwa yamekwisha dukani, basi amenunua kifua kilichokuwepo, kifua cha mwanamke, tena kimejaa, kinaning'inia pale na jina langu kwenye utepe, sijui Bikira ataanzia wapi kunitibu…

anaweza kutapika, anasema muuguzi, na nywele zinaweza kupungua, vitamini kali hizo, anasema Evanthia, kali sana, mama, anaitikia muuguzi bila kucheka, amezoea, hapa mjini Volos nusu ya wagonjwa wanatibiwa kitu ambacho jamaa zao hawajawaambia… lakini mimi sitaki, ndilo nililokuja kusema, daktari aliyenipasua alimwambia Evanthia ameutoa uvimbe wote, niliwasikia nyuma ya pazia, mmewahi, alisema, hii dawa ni ya chembe zilizojificha, kama zipo, kama, sasa nitapike miezi mitatu kwa ajili ya kama… nitakataa, ila nikikataa ataniuliza ni mwendawazimu gani anayekataa vitamini, na hapo itabidi nimwambie najua… na mtu asipozichukua, anauliza Evanthia, inakuwaje, na sauti imeshuka, hii si ile ya kunidanganya, ile naijua, iko juu kama ya muuza samaki, muuguzi anajibu kwamba uwezekano wa uvimbe kurudi unaongezeka kidogo, mama, kidogo kiasi gani, anauliza, na kidole kinaikandamiza karatasi mpaka ukucha unakuwa mweupe… kumbe, mimi nilidhani uongo huu kaujenga kama nyumba nikae mimi, kumbe anayekaa humo ni yeye, nikiubomoa nani atalala nje… basi mara nne, nitatapika, nikipata kipara nitailaumu shampuu, na Aristos nitamwacha aendelee kunipendelea, sijawahi kuongoza kwa ushindi mkahawani mle maisha yangu yote… baba, hapa chini tu, anasema muuguzi, kalamu bado iko hewani, Evanthia ananitazama, na mimi nafikiria tu mtu asiyejua lolote hutia sahihi vipi, haraka haraka, au huuliza kwanza kama kahawa inaruhusiwa.