Taa Zinazojiwasha Zenyewe

Jirani yangu wa kulia hutundika uzi mmoja wa taa kibarazani, akajiona kaisherehekea Krismasi. Mimi nyumba yangu huimba. Kuanzia Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, kompyuta iliyoko gereji huwasha na kuzima taa za paa, za madirisha na za misonobari kwa kufuata muziki, na watu huegesha magari barabarani, wakafungulia redio kwenye kituo changu kidogo kisichovuka hata kona ya mtaa. Wakiondoka huacha makopo ya chakula kwenye pipa la wasiojiweza. Hapa Minnesota baridi ikishakaza hakuna jingine la kufanya jioni.

Mwaka huu lakini sikuwa nawafanyia wa magari. Binti yangu Kirsten aliolewa Arizona, na wajukuu zangu wawili, Annika na Soren, nawajua kwa kioo cha simu tu. Soren hajawahi kushika theluji, maskini. Kirsten aliniahidi kwa kinywa chake: Krismasi hii tunakuja, Baba. Basi nikarekodi sauti yangu iwe mwanzo wa onyesho: "Annika na Soren, karibuni nyumbani kwa babu!" Hapo madirisha yote yanawaka na kengele zinalia. Wa kwenye magari wakaniuliza hao ni kina nani. Nikawajibu, subirini, mtawaona.

Shida ni kwamba onyesho lilikuwa linakufa. Jioni watu wamejaa, mara nyumba giza, redio inakoroma. Nikikimbilia gereji na kuwasha taa nione, naikuta kompyuta ndiyo kwanza inaamka, kisha inagoma palepale kwenye kuuliza neno la siri kama askari wa getini. Nikiliandika, programu ya taa inafunguka lakini haioni taa hata moja. Inabidi nianze kuitekenya upya, na huko nje wameshaanza kupiga honi.

"Labda imechoka," akasema mke wangu Marlys, anakoroga supu. "Na wewe umechoka, Verlyn. Si uzishushe tu mwaka huu?"

"Nizishushe? Watoto wanakuja nizishushe?"

Aliendelea kukoroga supu ambayo ilikuwa imeiva zamani.

Nikamwita Duane, mwenzangu katika chama chetu cha wendawazimu wa taa. Akaikatalia kompyuta kujisasisha bila ruhusa, akaikataza kusinzia. Kesho yake ikazima tena. Akarudi, safari hii na tochi, akaufuata waya wa umeme mpaka ukutani.

"Mzee, hebu izime taa ya humu ndani."

Nikabonyeza swichi iliyo karibu na mlango wa jikoni. Taa ikazimika. Kompyuta nayo ikazimika.

"Loo!" Duane akaangua kicheko. "Miaka yote umetengeneza mabasi ya shule, halafu unachomeka kompyuta kwenye soketi ya swichi ya taa?"

Nyumba za kwetu nyingi ndivyo zilivyo: gereji ina soketi moja inayoitii swichi ya mlangoni. Novemba nilipopanga upya rafu zangu nilichomeka hapo bila kufikiri. Na ndani ninaye Marlys, mtoto wa wakulima wa Kinorwe, ambaye kwao kuacha taa inawaka chumba kitupu ni karibu na dhambi. Anaingia gereji kuchukua mkate kwenye friza, anatoka, anazima. Mimi naja mbio, nawasha, na kompyuta inaamka mbele yangu. Kumbe aliyekuwa anaiwasha upya ni mimi mwenyewe!

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Duane, nasi tukacheka mpaka machozi.

Tukaihamishia soketi nyingine, nyuma ya friza. Kisha Duane akaifundisha adabu: umeme ukirudi iamke yenyewe, isiulize neno la siri, ivisubiri visanduku vya kuongozea taa viamke kwanza, ndipo ifungue onyesho toka mwanzo. "Sasa hii hata ukiiua itafufuka," akasema. Usiku ule mezani nilimtania Marlys kwamba nimemkamata mwizi wangu. Hakucheka, nami nikadhani ameona aibu.

Jioni ya kuamkia siku ya kuwapokea wageni, magari yalijaa hadi kwa jirani. Nikaingia gereji kuchukua koleo la theluji. Marlys alikuwa amesimama mlangoni, anabonyeza swichi. Juu, chini, juu, chini; taa ya gereji inawaka na kuzimika, kompyuta haijali.

"Haizimiki," akasema.

"Si nilikwambia tumeihamisha? Acha taa iwake, mke wangu, haitatufilisi."

"Verlyn, swichi hii naijua tangu tujenge. Nilikuwa naizima kusudi."

"Kusudi?"

"Kirsten alipiga simu wiki ya Shukrani. Hawaji. Wanakwenda Meksiko, baharini, na wazazi wa mumewe, Brent. Akaniomba nisikwambie, atakwambia mwenyewe."

"Hajaniambia."

"Najua hajakwambia! Kila jioni nakusikia unawaita wale watoto mbele za watu, moyo unanikatika. Nikadhani onyesho likiharibika sana utachoka, utalishusha mwenyewe."

"Ungeniambia, Marlys! Mwezi mzima natafuta ugonjwa kwenye waya!"

"Ningekwambia, ungempigia. Naye angekuahidi tena."

Nilitaka kumfokea, lakini alilosema ni kweli. Mwaka juzi ilikuwa hivyo, na mwaka jana hivyo. Nilimchukia Kirsten hapo, damu yangu mwenyewe, na nikachukia zaidi kwamba nyumba nzima mjinga alikuwa mmoja. Nikapitisha mkono nyuma ya friza nikaung'oa waya ukutani.

Taa zote za nje zikazimika. Redio ya kwenye rafu, ninayosikilizia onyesho, ikakoroma. Nje honi ya kwanza ikalia, kisha nyingine, halafu kitoto fulani kikaanza kulia ndani ya gari.

"Watu wamekuja na watoto wao," Marlys akasema, anajifuta uso kwa aproni. Akainama, akapapasa nyuma ya friza, akauchomeka waya tena.

Tukasimama kuitazama. Hakuna aliyeigusa. Ikaamka, ikapita pale pa neno la siri bila kuuliza, ikavisubiri visanduku mpaka vikawa tayari, kama ilivyofundishwa. Kisha sauti yangu, imejaa furaha, ikatoka kwenye ile redio ya rafuni na kwenye redio za magari yote ya mtaa: "Annika na Soren, karibuni nyumbani kwa babu!"

Huko nje watoto wa watu wakashangilia.