Mkono Usiopakwa Majivu

Basi dogo lilipinduka kwenye mteremko wa kutoka Newala, mimi nikatoka salama isipokuwa mkono wa kulia. Unashika, unainuka, unakunja vidole. Hausikii tu, wala moto wala maumivu. Wakili wangu, kijana Ladislaus, alinieleza kwamba bima inalipa fidia ya maana kwa jeraha kubwa la kudumu, kwa hiyo kazi yetu mahakamani Masasi ni kuthibitisha kwamba mkono haurudi tena.

"Ukiulizwa hali, Mama Ziada, usiseme nzuri," alinisihi.

"Hata nikisalimiwa?"

"Hata ukisalimiwa."

Nilimwona hana adabu.

Siku ya kesi, daktari aliyenitibu hospitali ya Ndanda alisema mishipa ya fahamu ya kuhisi imekufa. Aliyasema mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya chumvi. Sikulia. Tangu ajali silii. Aliyelia ni mwanangu Ziada, kule nyuma, na nilimwonea aibu kidogo.

Kisha akasimama wakili wa bima, Bwana Zabroni, suti imenyooka, picha mkononi. Kwenye picha nimekaa uani kwangu Chiwata, nabangua korosho.

"Mheshimiwa, huu ndio mkono uliokufa? Tazama unavyopiga, unavyochambua. Mkono huu ni mzima kabisa."

Ladislaus aliguna. Mimi, kusema kweli, nilimsikiliza Bwana Zabroni kwa raha. Mule ndani ni yeye peke yake aliyekuwa anautetea mkono wangu. Endelea, baba, nilimwambia moyoni. Nilitamani ashinde.

Hakimu, mama wa makamo, aliisogeza picha karibu na miwani yake.

"Mama, mkono wa kushoto umeupaka majivu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza."

"Na wa kulia mbona mtupu?"

Ningeweza kusema majivu yaliisha. Neno lilifika mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa nimeapa, na majivu yalikuwa tele.

"Huu hauumi," nikasema. "Naona tu ngozi inababuka."

"Uinue tuuone."

Nikauinua. Vidole vilikuwa vyeusi, na penye kuchubuka nyama nyekundu ilionekana. Huku kwetu hakuna asiyewahi kurukiwa na mafuta yale. Watu waliguna, mmoja akaficha mkono wake mwenyewe ndani ya kanga. Ladislaus alikuwa anatabasamu, na sikumlaumu, ndiyo kazi niliyompa.

Nikamgeukia Bwana Zabroni, nikingoja apinge. Aseme chochote, hata aseme naigiza. Aliutazama mkono wangu kidogo, akamwambia hakimu hana swali zaidi, akakaa.