Ng'ombe wa Bernardo

Watu walipoanza kutoka kwenye mabenchi kwenda kupokea komunyo, Josepha alijibana ukutani ili wapite. Alipita mama yake, wakapita majirani wa kwao Cheyo, hata watoto wadogo walipita. Mbele ya wote alikuwa Bernardo, mdogo wake, aliyemaliza Makerere mwaka huo, viatu vyake vipya vikilia sakafuni. Alipiga magoti, akafumba macho, akatoa ulimi. Josepha alimwonea wivu hata ule ulimi.

Yeye hakuruhusiwa. Alikuwa mke wa tatu wa Masolwa wa Lusu, mtu asiyebatizwa, na ndoa ya namna hiyo Kanisa haliitambui. Aliozwa mwaka ule Bernardo alipopata nafasi ya sekondari. Ng'ombe wa mahari walitoka Lusu, wakauzwa mnadani, wakawa karo. Alipotoroka kurudi kwao, baraza la mtemi lilisema maneno machache: rudisheni ng'ombe, mchukueni binti yenu. Ng'ombe walikuwa wamekwisha. Tarishi wa baraza akamrudisha Lusu, kwenye shamba la pamba.

"Vumilia, dada," Bernardo alimwambia siku ile. "Nikimaliza chuo, mshahara wangu wa kwanza ni ng'ombe wako."

Akavumilia. Alipalilia huku akisali rozari, akimwombea mdogo wake afaulu, na Mungu alimsikia.

Mwisho wa misa padre aliwataka waumini wamwombee kijana huyu anayekwenda Uingereza, kuanza kazi katika kampuni inayonunua pamba. Watu waligeuka kumtazama Josepha kwa furaha. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia.

Nyumbani kwa baba yao, Hilari, wageni walikwisha kukaa. Josepha alizunguka na birika na beseni akiwanawisha mikono. Alipofika kwa Bernardo alimwaga maji polepole.

"Hukuniambia."

"Mambo yamekwenda haraka, dada."

"Na kazi ya hapa?"

"Hapa nitakuwa karani, Mzungu bwana shauri akiniita boi mpaka nizeeke. Kule nitakuwa na chumba changu, na ufunguo wangu mfukoni. Nataka kujitegemea."

Josepha hakuwahi kumiliki ufunguo. Aliitazama mikono ile laini. Ni yeye aliyeishika zamani, akiifundisha kuandika herufi mchangani, na masista wa misheni walikuwa wakisema msichana ndiye mwepesi wa kujifunza.

"Mimi pia nataka kujitegemea," alisema.

Bernardo alicheka kidogo. "Wewe una mume."

"Ng'ombe, Bernardo."

"Nikishatulia huko."

"Josepha," baba yao aliita, "usimchoshe msafiri. Wageni wana njaa."

Hapo Masolwa akaingia uani, akivuta ng'ombe mtamba mwekundu kwa kamba. Alisalimia, akakaribishwa kiti, lakini hakukaa.

"Mkwe, nasikia Ulaya kuna baridi inayokata masikio. Nikasema shemeji yangu asije akarudi hana masikio, tutamjuaje?"

Watu wakacheka.

"Muuzeni huyu, anunue koti zito. Nami sikosi kitu. Hamkunipa mke mvivu. Pamba yangu yote ni mikono yake."

Hilari alisimama, akapokea kamba kwa mikono miwili. Akampa Bernardo aishike, ili kila mtu aone. Josepha aliitazama ile kamba ikitoka kwa mumewe, ikaenda kwa baba yake, ikafika kwa mdogo wake. Alingoja Bernardo aseme neno. Neno moja tu lingetosha: hapana.

"Asante sana, shemeji," Bernardo alisema. "Mungu akuzidishie."

Hakumtazama dada yake.

"Mbona wanawake mmenyamaza?" Hilari aliuliza. "Josepha, wewe ndiye dada yake. Anza."

Josepha aliweka birika chini. Akapanua kinywa, akapiga kigelegele chembamba, kirefu, na wanawake wote wakamfuata mpaka kuku wakakimbia. Wanawake walipomaliza, walianza kusogeza sahani. Yeye hakumaliza. Alivuta pumzi, akaendelea. Mama yake alimgusa bega. Akaendelea. Bernardo alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka, mkono wake ungali umeshika kamba. Masolwa aliyekuwa ameanza kukaa alisimama tena. Mgeni mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama dada huyu anafurahi au ni mgonjwa. Josepha alivuta pumzi nyingine.